Mlio wa Watu Wote

Nilipokuwa mtoto, serikali ilikuwa mtu mmoja. Ilikuwa mleta barua, mzee mwenye gari la farasi na peremende mfukoni, na ilifika langoni kwetu kila asubuhi isipokuwa Jumapili na siku za theluji kubwa. Nyingine tulisikia iko Washington, tukaitakia heri huko huko iliko. Baba yangu alivuka bahari kutoka Holstein, Ujerumani, kwa sababu hakutaka kumpigia mfalme saluti, na aliipenda Marekani hasa kwa kuwa ilimwacha alime. Akafa akiipenda hivyo hivyo, kabla ya vita, na hilo namshukuru Mungu.

Kisha vikaja vita na Ujerumani, mwaka wa elfu moja mia tisa na kumi na saba, na serikali ikaota miguu. Ikaja kumwandikisha jeshini kaka yangu Detlef. Ikaja kutuambia siku gani tule mkate wa ngano na siku gani tusile, na sukari kiasi gani inamtosha mtu anayeipenda nchi yake. Ikaja kutaka tuikopeshe fedha za vita, na wale walioonekana kukopesha kwa mkono mzito waliamka asubuhi wakakuta milango ya mabanda yao imepakwa rangi ya njano, alama ya msaliti. Mwishowe, mwaka wa kumi na nane, mahindi yakiwa bado mafupi, gavana wetu wa Iowa akatoa amri: Kiingereza tu. Shuleni, barabarani, kwenye treni, kanisani, na kwenye simu.

Msije mkadhani mimi ni adui wa serikali. Miaka ya baadaye, bei ya mahindi ilipoanguka mpaka tukawa tunayachoma jikoni badala ya makaa, serikali hiyo hiyo ndiyo iliyolinusuru shamba letu lisipigwe mnada, na ndiyo iliyotusimamishia nguzo za umeme. Niliwakaribisha watu wake kahawa na nikawashukuru kwa moyo. Lakini kila wanaponiuliza kwa nini mama mtu mzima kama mimi hana simu nyumbani, nawaambia simu ninayo moja ya zamani, na nilishamaliza kuisikiliza.

Waya wetu ulikuwa mmoja kwa nyumba zote za barabara yetu. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake. Wetu ulikuwa mirefu miwili na mfupi mmoja. Wa jirani yetu Wiebke Stoltenberg ulikuwa mifupi mitatu. Na ulikuwapo mlio mmoja mrefu usiokatika, ambao mtu aliupiga kwa kuzungusha mpini wa simu bila kupumzika. Huo ulikuwa wa watu wote: moto, mtoto aliyepotea, kifo. Ukiusikia huo unaacha hata maziwa yanafurika jikoni.

Lakini tuseme kweli, kila mlio ulikuwa wa watu wote. Simu ikilia ya jirani, unafuta mikono, unainua mkono wa simu taratibu, unaziba pa kusemea kwa aproni ili pumzi yako isisikike, kisha unatega sikio. Kila mtu alifanya, na hakuna aliyekiri. Ungeweza kumwuliza Shangazi Wiebke habari za upele wa mjukuu wake, upele ambao hakuwahi kukuambia, naye angekujibu vizuri tu bila kuuliza umejuaje. Lakini ungemwambia, "Shangazi, wewe unasikiliza simu za watu," angekutoa kwake kwa ufagio. Ndiyo adabu yetu ilivyokuwa. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: waya ule ulikuwa na nguvu kidogo, na kila mkono wa simu ulioinuliwa ulikunywa sehemu yake. Wakisikiliza wawili sauti inafifia. Wakisikiliza wengi, nyumba ya mwisho wa waya, ambayo ni yetu, inabaki na upepo tu.

Amri ilipotoka, kamati ya vita ya mjini ilimteua Bwana Tibbets, mwenye duka la mbao na misumari kwenye njia panda, awe sikio lake katika waya wetu. Yeye peke yake miongoni mwetu alisikiliza kwa ruhusa. Tulishapata habari za wanawake wa upande wa pili wa mto waliotozwa faini kwa kuulizana habari za kuku kwa Kijerumani. Basi simu zetu zikawa kimya. Vijana kama mimi tuliozaliwa hapa tuliongea Kiingereza bila taabu, ila wazee walinyamaza kabisa. Mama yangu, Elsabe, alikuwa na Kiingereza cha mayai: aliweza kuyauza, kuyahesabu na kusema asante. Kikombe chake cha lugha kiliishia hapo.

Mwishoni mwa Septemba Detlef akaandika kutoka kambini. Kikosi chake kilikuwa kinaondoka kwenda Ufaransa. Ameomba ruhusa ya kupiga simu, atapiga Jumapili saa nane mchana, na Mama aongee Kiingereza tafadhali, maana wakisikia lugha nyingine watakata.

Mama alikuwa anakata kabichi za kutia chumvi. Niliposoma pale pa Kiingereza aliacha kisu.

"Nimemzaa kwa Kijerumani," alisema. "Nimemwachisha ziwa kwa Kijerumani. Sasa nimuage kama nauza mayai?"

"Mama, sentensi tatu tu. Nitakufundisha."

"Wewe si uongee naye?"

"Nitaongea naye nini mimi? Anakutaka wewe."

Basi wiki ile yote tulikata kabichi na Kiingereza. Yeye anakata, mimi natia chumvi, na kila kichwa kipya cha kabichi tunaanza upya. Mwanangu mpendwa. Mimi ni mzima, asante. Mungu akubariki.

"Mimi mzima asante," alisema Mama.

"Mimi ni mzima, asante."

"Na kama yeye si mzima?"

"Atakuwa mzima, Mama. Ana miaka ishirini na tatu na anakula kama fahali."

"Telse, mtoto anayekwenda vitani hapigi simu ili kujua hali ya mama yake. Ana lake la kusema. Nitalielewaje?"

"Nitakuwa ubavuni kwako. Ukikwama nipe mkono wa simu."

Alikata kabichi nyingine nzima kabla ya kunijibu. "Sitakupa," alisema. "Hata nisipoelewa. Nataka sauti yake sikioni kwangu mpaka iishe."

Shangazi Wiebke akaja kuazima ubao wa kukatia. Yeye na Mama walikuja Marekani kwa meli moja, wakiwa wasichana, na tangu hapo walikuwa wakifua pamoja, wakichinja nguruwe pamoja, na kugombana pamoja. "Jumapili saa nane, siyo?" aliuliza, ubao kwapani. Hatukumwambia sisi. Nilikuwa nimemwambia binamu yangu kwa simu, na kwa hiyo nilikuwa nimeiambia barabara nzima.

"Saa nane," alisema Mama. "Na ole wake atakayekohoa."

"Elsabe! Nani atasikiliza simu ya mtu na mwanawe?" alisema Shangazi Wiebke, na alikasirika kwa dhati.

Jumapili ile Mama alivaa gauni la kanisani na bruchi yake ya fedha kifuani, kana kwamba Detlef angemwona. Alikaa kwenye kiti chini ya simu, miguu pamoja. Nilimwona midomo ikicheza. Saa ya ukutani ilipita saa nane, nikaanza kuilaani kambi, jeshi na gavana, na ndipo simu ikalia: mirefu miwili, mfupi mmoja.

Alisimama akainua. Nami nikiwa nimeweka kichwa karibu na chake, nikasikia opereta akisema kuna simu kutoka mbali. Kisha nikasikia Detlef. Nilimsikia wazi, neno moja, "Mama."

Halafu zikaanza. Tik. Tik, tik. Mkono wa simu ukiinuliwa, waya hutoa mlio mdogo kama kucha inayogonga meza. Nilisikia barabara yetu yote ikiingia, nyumba baada ya nyumba, watu waliompakata Detlef alipobatizwa, watu waliomfundisha kuendesha farasi, na wote walikuwa wanampenda, na wote walitaka kumsikia. Na kila tik sauti yake ilirudi nyuma, mpaka ikawa kama mtu anayeita kutoka shamba la tatu wakati upepo unavuma.

"Mwanangu mpendwa," alisema Mama kwa Kiingereza. Aliisema vizuri. Akangoja. "Simsikii," akaninong'oneza. "Telse, anaongea lakini simsikii."

Nikasogea pa kusemea nikapiga kelele kwa Kiingereza: "Tundikeni simu! Jamani, tundikeni, yule ni kaka yangu!"

Hakutundika mtu. Baadaye nilielewa. Ukitundika, waya unalia vile vile, tik, na kila mmoja angejua kuwa ulikuwapo. Basi kila mtu alishikilia wake kwa aibu, akingoja mwenzake aanze.

Mama alinisukuma kwa kiwiko. Alikuwa amekazia sikio mpaka mishipa ya shingo imesimama. "Mimi ni mzima, asante," alisema. Ikaja tu ile sauti ya mbali, ikipanda na kushuka. Alinitazama kwa macho ya mtu anayezama. Nikamwashiria aendelee, kwani nilimwona Detlef akilini mwangu upande wa pili, akicheka, akiwaambia wenzake, msikieni mama yangu anavyoongea Kiingereza. "Mimi ni mzima, asante," akarudia. Kisha: "Mungu akubariki." Na tena: "Mimi ni mzima, asante."

Opereta akaingia akasema muda umekwisha. Mama aliutundika mkono wa simu kama anayeweka yai.

"Alisema nini?" aliniuliza.

"Sikusikia, Mama."

"Hata mimi." Akaivua ile bruchi. "Lakini alinisikia mimi. Alisikia kwamba mimi ni mzima."

Alhamisi ikaja simu ya maandishi, telegramu ya jeshi. Detlef hakufika Ufaransa, wala hakufika hata kwenye treni. Homa ile ya mafua iliyokuwa ikizoa watu dunia nzima mwaka ule iliingia kambini ikampata, na Jumapili ile ile jioni aliingizwa hospitali. Alikuwa ameshaugua aliposimama kwenye simu. Alikufa Jumatano. Nimeandika maneno hayo kwa haraka kwa sababu hata leo siwezi kuyaandika polepole.

Sanduku lilikuja limepigiliwa misumari na tukakatazwa kulifungua. Mchungaji Ketelsen, aliyembatiza kwa Kijerumani na kumpa kipaimara kwa Kijerumani, alisoma mazishi kwa Kiingereza kutoka kwenye karatasi, akijikwaa kila mstari, jasho likimtiririka siku ya baridi. Bwana Tibbets alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Mama alinivuta mkono. "Anasema nini?" Nilifungua mdomo nimwambie, nikamwona Bwana Tibbets ananitazama, nikaufunga. Mama alimzika mwanawe kama kiziwi. Laiti ningekuwa na ujasiri wakati ule kama nilio nao sasa! Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa naogopa, na sote tulikuwa tunaogopa, na wanaosema wao wasingeogopa hawakuwapo.

Majirani walileta chakula, kama ilivyo desturi. Soseji, mkate mweusi, keki za tufaha, nyama ya nguruwe iliyofukizwa moshi. Meza ilijaa sahani za watu. Na kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Basi wiki iliyofuata Mama alioka, akajaza kila sahani, akaniambia nifunge farasi. Nilidhani anataka kupoteza mawazo. Tulipofika nyumba ya kwanza, kwa Mjomba Hinrich Rohwer, aliweka sahani mezani akasema:

"Hinrich, Jumapili ile Detlef alipopiga. Alisema nini?"

Mjomba Hinrich alikuwa mtu mkubwa mwenye mikono kama koleo. Aliitazama keki. "Nitajuaje, Elsabe? Nilikuwa nje nakamua."

Nyumba ya pili walikuwa wanakamua. Ya tatu baba alikuwa anakamua na mama alikuwa amelala kichwa kinamuuma. Ya nne walikuwa wanakamua. Ng'ombe wa barabara yetu, ambao tangu dunia iumbwe hukamuliwa alfajiri na jioni, Jumapili ile walikamuliwa wote saa nane mchana! Nilikuwa nacheka na kulia kwa hasira kule nje kwenye gari. Mama hakucheka. Kila nyumba aliuliza kwa maneno yale yale, kwa upole ule ule, na kila nyumba alishukuru akachukua shali yake.

Kwa Shangazi Wiebke alikaa zaidi. "Wewe ungeniambia," alisema Mama.

"Ningekuambia," alisema Shangazi Wiebke, na akageuka kuchochea jiko lililokuwa linawaka vizuri tu.

Ikabaki sahani moja, ya buluu. Mke wa Bwana Tibbets alikuwa ameleta mapaja ya kuku.

"Hiyo nitairudisha mimi kesho," nilisema. "Wewe usiende kule."

"Sahani ni sahani," alisema Mama.

Dukani hakukuwa na mteja. Bwana Tibbets alikuwa anapanga misumari kwenye masanduku yake. Alipotuona alivua miwani. Mama aliweka sahani juu ya kaunta, na keki juu yake, akaniambia kwa Kijerumani, kwa sauti ya kawaida, ndani ya duka la mtu wa kamati: "Mwulize."

Nikamwuliza kwa Kiingereza. Nilingoja aniambie habari za ng'ombe.

"Ndiyo, nilisikiliza," alisema. "Ndiyo kazi niliyopewa. Mimi niko karibu na mji kuliko ninyi, waya huku una nguvu. Nilimsikia vizuri."

"Alisema nini?"

"Sijui, binti. Aliongea Kijerumani, mwanzo mpaka mwisho." Alisugua miwani yake kwa shati. "Sauti yake ilikuwa ya mgonjwa. Kuna kitu alikuwa anakiomba. Lugha yake siijui, lakini nina watoto, najua mtoto anavyoomba kitu. Aliomba, halafu akangoja, halafu akaomba tena. Mwambie mama yako sikumwandika kwa kamati. Na yule binti wa ofisi ya simu alitakiwa kukata, naye hakukata."

Mama alikuwa ananitazama usoni. "Mwambie mama yako," alisema tena Bwana Tibbets, akaenda nyuma kabisa ya duka, akatupa mgongo na kuanza kuburuta mbao kwa kishindo, ili niivunje sheria asisikie. Nilikuwa nimemchukia mtu yule tangu Mei. Sikufurahi hata kidogo kuona kwamba katika barabara yetu yote, mwongo hakuwa yeye.

Nilimwambia Mama kila kitu. Alisikiliza, akafunga shali.

"Kijerumani," alisema. "Basi walielewa. Wote walielewa."

Akaniambia nigeuze farasi, tukaenda moja kwa moja kwa Shangazi Wiebke. Safari hii hakubisha hodi. Shangazi Wiebke alikuwa anachambua maharage, akainua macho, na nadhani alijua kabla hatujafunga mlango.

"Wiebke," alisema Mama, "tulitapikiana kwenye meli moja. Mwanangu aliniomba nini?"

"Elsabe, keti."

"Sikuja kukaa."

"Walisema tusikuambie. Tulikubaliana. Kanisani, siku ya mazishi. Tulisema ni heri akasirike, ni heri atuone waongo..."

"Wiebke!"

Shangazi Wiebke aliliweka bakuli chini. Bakuli likapinduka, maharage yakatawanyika sakafuni, na hakuna aliyeinama kuyaokota.

"Alisema, Mama, naumwa. Alisema kichwa kinapasuka, na wananipeleka mahali sikujui. Halafu akasema, Mama, nisalie ile sala. Ile ya kulala. Ya zizi." Alivuta pumzi. "Nawe ukasema wewe ni mzima, asante."

Mama hakusogea.

"Akasema, Mama, hunisikii? Isali kidogo tu, nimeisahau, nimekwama katikati. Ukasema, Mungu akubariki. Akasema, sawa, Mama, sawa, wanakukataza, ngoja nianze mimi. Akaanza. Akafika pale pa macho, akakwama, akarudi mwanzo. Akakwama hapo hapo tena. Kila akikwama alingoja. Ulikuwa unasema wewe ni mzima."

"Nawe ulikuwa unaijua," alisema Mama.

"Tulikuwa tunaijua wote. Tuliwalaza watoto wetu kwayo wote." Sasa alikuwa analia bila kujifuta. "Nilikuwa nimefungua mdomo, Elsabe. Naapa. Maneno yalikuwa kwenye ulimi. Nikasema, Tibbets yupo. Hapana, nisikudanganye, sikumwogopa Tibbets. Nilisema, nikifungua mdomo sasa, watu wote watajua kwamba nilikuwa nasikiliza."

Hapo Mama aliketi. Aliketi sakafuni, katikati ya maharage, na gauni lake zuri. Nilimkimbilia lakini Shangazi Wiebke alifika kwanza, wakashikana, na nikasimama pale sina pa kuweka mikono. Nilitaka kumpiga mwanamke yule. Nilitaka kuipiga barabara nzima, na kambi, na gavana, na kile kisu cha kabichi, na ule ulimi wangu uliojua Kiingereza vizuri. Sikupata wa kumpiga, na sijampata mpaka leo.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Mama alivua shali, akanawa uso na mikono, akachana nywele. Kisha akaenda kwenye simu. Nilidhani anataka kuing'oa ukutani. Akashika mpini akaanza kuuzungusha, na akazungusha, na hakuacha.

"Mama! Huo ni mlio wa watu wote!"

Aliendelea mpaka mkono ukachoka. Kisha akainua mkono wa simu akauweka sikioni, nami nikaweka kichwa changu karibu na chake, kama ile Jumapili. Zikaja. Tik. Tik, tik. Sauti zikauliza: kwa nani? moto uko wapi? nani amekufa? Kwa Kiingereza cha kila mtu, kibovu na kizuri. Nilimsikia Mjomba Hinrich akihema. Nilimsikia Bwana Tibbets akisema jina lake. Kisha wakanyamaza, maana kila mmoja alisikia kwamba aliyepiga hasemi.

Amri ya gavana ilikuwa bado inafanya kazi. Mama alisogeza mdomo karibu, na kwa lugha yetu, kwa ile sauti ambayo kaka yangu na mimi tuliisikia kila usiku tukiwa chini ya blanketi moja, akasema:

"Bwana, ufunge mlango wa zizi. Ufunge mlango wa nyumba. Nami unifumbe macho yangu." Hapo akatua, mahali pale pale Detlef alipokwama. Nilidhani hataweza. "Na kukicha, Mwema wangu, utufungulie sote."

Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeitikia, na hakuna aliyethubutu kutundika kwanza. Tulisikia pumzi zao tu.

"Haya," alisema Mama. "Sasa mnaweza kutundika."

Wakatundika, mmoja mmoja, taratibu, kama watu wanaotoka kanisani. Mama hakutundika. Kila tik waya ulizidi kupata nguvu, na wa mwisho alipotoka ukawa mtupu na safi kabisa, hata ukasikia upepo ukipita juu ya nyaya kule mjini na njia yote ya kwenda kambini. Angenong'ona mtu upande ule, ungemsikia. Mama alibaki amesimama pale, mkono wa simu sikioni, mpaka ng'ombe walipoanza kulia kutaka kukamuliwa.